KAENI NAO KWANZA: Somo kwa aliyerudi nyumbani na kwa kiongozi wa kikundi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Somo letu la Ijumaa hii linatoka katika Hadithi ambayo wengi wetu tunaijua kwa mwisho wake tu. Mwisho wake ndio ule tunaoutolea dalili kila siku: ukifika wakati wa Sala mmoja aadhini, na aliye mkubwa wao awe imamu. Mwanzo wake husikii ukisomwa mara nyingi, na leo tunataka kuusoma mwanzo.

Malik bin al-Huwayrith (r.a.) anasimulia, na Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba yeye na wenzake walifika Madina wakiwa vijana walio karibu rika moja. Wakakaa kwa Mtume (s.a.w.) siku 20. Walikuwa wanafunzi hasa, wametoka kwao kutafuta elimu. Malik anasema Mtume alikuwa mpole na mwenye huruma. Alipoona wameanza kuwatamani watu wao, hakuwakaripia. Aliwauliza wamemwacha nani nyumbani, nao wakamweleza. Ndipo akawaambia warudi kwa watu wao, wakae nao, wawafundishe, na wawaamrishe mema.

Tazameni mpangilio wa maagizo hayo. Kwanza kurudi. Pili kukaa nao. Kufundisha kumekuja nafasi ya tatu, na kuamrisha nafasi ya nne. Sisi wengi tunaotoka masomoni hufika tukaanza na ile ya nne. Tunashuka kwenye gari, bado sanduku halijafunguliwa, tumeshaamrisha.

Aya ya 122 ya Suratut Tawba nayo inataka katika kila kundi litoke tapo la watu wakajifunze dini, kisha wawaonye watu wao watakaporejea kwao. Kwa hiyo kwenda ni wajibu wa baadhi yetu, na kurudi nako ni sehemu ya wajibu huo huo. Elimu haikukamilika siku ya kupewa cheti.

Jambo hili linatugusa hapa Lualaba. Tuna vijana waliokwenda Madina, Mbale, Khartoum na Lubumbashi. Tangu vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wengi wa Afrika waliokuwa Khartoum walirudi makwao kabla ya wakati wao, wengine bila vitabu na bila vyeti. Mtu aliyerudi hivyo ana uchungu wake. Amekwisha kuwa mgeni kule, na akifika nyumbani anakuta ni mgeni hapa pia.

Mimi ninayeandika somo hili nilitoka Kolwezi mwaka 2009 kwenda kusoma Khartoum, nikarudi 2016. Naomba mniwie radhi nikisema habari zangu mwenyewe. Mwishoni mtaelewa kwa nini.

Niliondoka tukiwa katika Katanga, nikarudi nikakuta Lualaba, maana mkoa uligawanywa mwaka 2015. Kasulo niliyoiacha ilikuwa mtaa wa nyumba na miti ya maembe. Niliyoikuta ilikuwa na mashimo, kwa sababu tangu 2014 watu walikuwa wanachimba kobalti ndani ya nyua zao na chini ya vyumba vyao. Wadogo zangu walikuwa wamekua na kuzoea kuamua mambo ya nyumba bila mimi. Nikitoa shauri, wananisikiliza kwa adabu, kisha wanafanya walivyopanga. Mama ananipikia bukari na sombe, ananitazama ninavyokula, kisha anauliza: "Na kule walikuwa wanakupa nini?" Naanza kueleza, naona macho yake yamekwenda mbali. Si kwamba hapendi kusikia. Ni kwamba miaka 7 haisimuliki katika sahani moja.

Ijumaa ya kwanza nikasali msikiti wa mtaani kwetu. Mwalimu mzee aliyetufundisha alifu na bee ndiye aliyesalisha. Baada ya Sala akafanya jambo moja ambalo kule nilifundishwa kuwa silo. Silitaji hapa, kwa sababu ni katika mambo ambayo wanazuoni wametofautiana, na somo letu halihusu hilo. Nikasimama mbele ya watu nikamsahihisha, nikatoa dalili mbili kwa Kiarabu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Mwanangu, umerudi siku gani?" Nikasema Jumanne. Akasema: "Basi bado una vumbi la safari. Karibu nyumbani." Watu wakacheka kidogo, mimi nikaondoka na hasira.

Wiki ya pili ndipo mama akanieleza. Baba yangu alifariki mwaka 2013 mimi nikiwa mtihanini, na nauli ya kurudi haikuwepo. Aliyemwosha, akamvisha sanda, akamsalia na kushuka kaburini kumlaza ni mwalimu yule. Mvua ilikuwa inanyesha. Kazi iliyonipasa mimi mtoto wa kiume aliifanya yeye, na mimi nilimlipa kwa dalili mbili mbele ya watu. Kama ningekaa hata siku 10 nikiuliza tu nani alifanya nini nilipokuwa sipo, ningelijua hilo kabla ya kufungua mdomo.

Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu aliyekuwa safarini muda mrefu kuwagongea watu wake usiku kwa ghafla. Katika mapokezi mengine imetajwa sababu, kwamba mke apate nafasi ya kuchana nywele zake na kujitengeneza. Na Ka'b bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Mtume mwenyewe akirudi safari alianzia msikitini, akasali rakaa mbili, akakaa na watu. Wanazuoni wanaizungumza Hadithi ya kwanza katika adabu za ndoa, na ni kweli. Mimi naiona ni adabu ya kila anayerudi: wape watu nafasi ya kujitengeneza kabla hujawatazama kwa jicho la ukaguzi.

Watu wa hapa tunaijua Kingamyambo. Kwa miaka mingi kiwanda cha kuchuja madini cha Kolwezi kilimwaga mabaki yake kule na katika bonde la mto Musonoi, zaidi ya tani milioni 100. Sisi watoto tuliona ni tope lililotupwa. Tangu 2018 kiwanda cha Metalkol kinayaosha upya mabaki yale yale na kutoa shaba na kobalti. Mali ile haikuletwa kutoka ng'ambo, ilikuwa pale pale tunaipita. Ndivyo wanavyoonekana mara nyingi wale waliobaki nyumbani, machoni pa aliyetoka nje na vyeti.

Sasa tuingie sehemu ya pili ya somo, ambayo ni nzito zaidi kwangu.

Baada ya kurudi, familia ilinishauri nitafute na elimu ya ufundi, kwa kuwa Kiarabu peke yake hakilipi kodi ya nyumba. Nikajiandikisha katika chuo kimoja cha hapa, mwaka wa kwanza wa graduat, maana mtindo wa LMD ulikuwa haujaja. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, nina ndevu, nimetoka nchi ya Waarabu. Wakanichagua CP wa darasa, wakawa wananiita "yaya sheikh". Asistan mmoja akatupa TP ya vikundi: kupima maji ya visima 12 katika mitaa mitatu, kuona asidi yake, na kuandika ripoti. Kikundi chetu kilikuwa watu 7, nami nikawa kiongozi wake.

Kifaransa changu kilikuwa kimekauka. Miaka 7 ya Kiarabu si mchezo. Kwa hiyo nikamtegemea mwenzetu mmoja aliyekuwa na Kifaransa kizuri, mwepesi wa kueleza. Mwenzetu mwingine alikuwa hafiki vikao. Mara ya kwanza hakuja, mara ya pili hakuja, mara ya tatu hakuja. Nikamuuliza yule msemaji. Akajibu kwamba yule hana haja na kazi, anapenda kuchimba kuliko kusoma. Na ni kweli, alikuwa anashuka shimoni usiku kutafuta pesa ya chuo. Ripoti ilipokuwa tayari nikachukua kalamu, nikafuta jina lake kwenye ukurasa wa mbele. Nikalisema hilo darasani mbele ya wote, nikaongeza na maneno juu ya amana. Wenzetu 4 waliobaki walinyamaza. Nikadhani kunyamaza kwao ni kukubali.

Alipata sifuri ya TP ile. Sifuri ile ikamwangusha katika somo, akatakiwa kurudi sesheni ya pili, na ada ya sesheni ya pili hakuwa nayo. Akaacha chuo.

Mwaka 2018 nilikuwa kwenye kilio katika mmoja wa mitaa ile. Mama mmoja mwenye kisima akaniuliza: "Yule kijana mliyekuwa mnamtuma asubuhi na chupa, yuko wapi siku hizi? Alikuwa na heshima sana." Nikamuuliza kijana gani. Akanieleza sura yake. Alikuwa anatoka shimoni alfajiri, anapita visimani na chupa zake, anachota, anapima kwa zile karatasi za asidi, anaandika kwenye kaye, kisha anakwenda kulala. Visima vyote 12 alivipita yeye. Kaye alimpa yule msemaji aipeleke kuchapwa, akamwomba anieleze kwamba saa za vikao zinamkuta amelala. Ripoti niliyoifutia jina lake ilikuwa mkono wake mwanzo hadi mwisho. Wale 4 walijua. Nilipowauliza kwa nini hawakusema, mmoja akajibu: "Yaya, wewe ulishasema mbele ya darasa. Nani angekupinga?"

Ndugu zangu, tusome hapa kisa cha Nabii Musa (a.s.), ambaye naye aliongoza kundi na naye alirudi nyumbani baada ya miaka.

Alikimbia Misri akakaa Madyan miaka 8 au 10, kama mkataba ulivyotajwa katika Suratul Qasas, aya ya 27. Alipoamrishwa kurudi kwa Firauni aliomba apewe msaidizi, ndugu yake Harun (a.s.). Katika aya ya 34 alitaja sababu: Harun ana ulimi fasaha zaidi, na awe msaidizi wa kumsadikisha. Angalieni sifa mbili, ulimi na ukweli. Na mimi naongeza, kwa fahamu yangu tu wala si kwa tafsiri ya wanazuoni, kwamba Harun alikuwa ndiye aliyebaki na watu wale miaka yote ile. Mimi nilipotafuta msaidizi niliangalia ulimi peke yake.

Kisha Musa alikwenda miadi ya siku 40 akamwacha Harun kwa watu. Aliporudi akakuta ndama anaabudiwa. Ghadhabu yake ilikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na hatusemi juu ya Mitume yale tunayojisemea sisi. Akamshika ndugu yake kichwa akimvuta. Harun akajieleza: watu walimdharau na kukaribia kumuua, naye alichelea kuambiwa kuwa amewagawanya Wana wa Israili. Musa akafanya nini? Alisikiliza. Katika Suratul Aaraf, aya ya 151, baada tu ya maneno ya Harun anaomba maghufira, kwa ajili yake mwenyewe kwanza kisha kwa ndugu yake. Katika Suratu Taha, baada ya kumsikia Harun ndipo anamgeukia Samiri amhoji naye. Hata Samiri, ambaye Mwenyezi Mungu alikwisha kumtaja kuwa ndiye aliyewapoteza, aliulizwa una nini kabla ya kuhukumiwa. Na mimi sikumuuliza mwenzangu hata mara moja, naye nilijua anapokaa.

Tunayo pia aya ya 62 ya Suratun Nur, ambayo kila CP na kila mkuu wa kikundi aihifadhi. Inazungumzia waumini wanapokuwa na Mtume (s.a.w.) katika jambo la pamoja: hawaondoki mpaka wamwombe ruhusa. Wengi wa wafasiri wameitaja pamoja na kazi ya kuchimba handaki la Madina katika mwaka wa 5 wa Hijra. Ile ilikuwa kazi ya kikundi kweli kweli! Shauri lilitolewa na Salman (r.a.), mtu aliyetoka Uajemi na elimu ya kwao. Mtume mwenyewe akabeba udongo hadi vumbi likafunika tumbo lake, kama alivyosimulia al-Baraa (r.a.). Sisi watu wa mji wa wachimbaji tunajua maana ya kubeba udongo.

Aya ile ina pande mbili. Upande wa mwanakikundi ni kuomba ruhusa, asitoroke. Upande wa kiongozi husahauliwa: Mtume anaambiwa ampe ruhusa amtakaye katika wanaoomba kwa shughuli zao, tena awaombee maghufira. Kiongozi anamwombea aliyekwenda kwenye shughuli yake! Na ili mtu aombe ruhusa ni lazima mlango wa kuombea uwe wazi. Mimi nilipanga vikao saa 4 asubuhi kwa sababu zilinifaa mimi, sikumuuliza mtu zinamfaa nani. Maneno ya mwenzangu yalinifikia kwa mdomo wa mtu ambaye yalikuwa na faida kwake yasinifikie.

Basi enyi vijana mnaofanya TP sasa: jina kwenye ukurasa wa mbele ni ushahidi. Kuliweka la asiyefanya kitu ni ushahidi wa uongo, na kuliondoa la aliyefanya ni uongo na dhuluma juu yake. Anayelipa pesa kidogo ya uchapaji ili jina lake liingie, na asome aya ya 188 ya Aal Imran juu ya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Kabla ya kumfuta mtu, mfuate nyumbani kwake. Omba kuona kaye, uulize nani alikwenda wapi na siku gani. Kazi igawanywe wazi tangu siku ya kwanza, kama zilivyobubujika chemchemi 12 na kila kabila likajua mahali pake pa kunywea. Na mkiona wenzenu wananyamaza mbele yenu, msifurahi haraka. Waulizeni mmoja mmoja, nje ya kikao.

Nilimtafuta mwenzangu. Nilimkuta mahali pa kuoshea mawe, miguu yake ndani ya maji. Nilikuwa nimeishika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari, kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote atafute kuachiliwa leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Nikamweleza yote. Nikamwambia nitalipa ada, arudi chuoni. Akasema ana mke sasa na mtoto, chuo atakifikiria. Juu ya kosa akasema: "Mimi nilikusamehe zamani, yaya. Lakini ulisema mbele ya darasa. Wale waliosikia, nani atawaambia?"

Nilikwenda kwa asistan, nikakuta amekwisha kuhama. Darasa letu limetawanyika, kila mmoja na kampuni yake, na wale niliowapata kwa simu nimewaeleza. Wengine sikuwapata, na najua wako baadhi wanaosali Ijumaa katika misikiti inakofika karatasi hii. Basi kwenu ninyi: TP ile ya visima 12 aliifanya yeye, na maneno niliyosema juu yake siku ile hayakuwa kweli. Yeye ameniomba nisitaje jina lake. Ninyi mnamjua.

Wallahu aalam.

Karatasi hii imetajwa ndani yake majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume yake. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie kitu. Ukimaliza kusoma mpe mwingine.